Kompyuta za msaada zifunguliwe Tanga mjini kabla hazijapelekwa vijijini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie kompyuta zilizotumika ambazo wafadhili wa ndani na wa ng'ambo wanazipeleka katika shule zetu za pembezoni, hasa huku mkoani Tanga ninakoishi na kufanya kazi. Nilifundisha fizikia kwa miaka kumi na mmoja katika shule ya sekondari wilayani Muheza, kisha nikaacha ualimu na kufungua ofisi ndogo ya kutengeneza kompyuta Ngamiani, hapa mjini. Zamani nilikuwa miongoni mwa walimu walioziomba kompyuta hizo kwa barua na kwa miguu. Leo mimi ndiye ninayepigiwa simu zinapozimika.

Ninaandika sasa kwa sababu kompyuta zitakazokuja huenda zikawa nyingi kuliko zilizokwisha kuja. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kutoa huduma ya kawaida kwa Windows 10, mfumo endeshi wake, yaani programu kuu inayoendesha kompyuta, na mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hivi hazikubaliwi na Windows 11, ama kwa sababu prosesa zao, yaani chipu kuu zinazofanya hesabu, hazimo katika orodha ya kampuni hiyo, ama kwa kukosa kijenzi cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Mashine hizo hazijaharibika. Zinawaka, zinaandika, zinapiga hesabu, na zina uwezo wa kumhudumia mtoto wa darasa la tano kwa miaka mingine mitano au zaidi. Ofisi, benki na vyuo vya Ulaya, Marekani na hata Dar es Salaam vinaziondoa mezani, na wengi wenye moyo mwema wanajiuliza wazipeleke wapi. Jibu lao la kwanza ni shule ya kijijini. Ni jibu zuri, na mimi ni mmoja wa wanaoliombea lifanikiwe.

Ombi langu ni moja. Kompyuta ya msaada isitoke bandarini au ofisini kwa mfadhili ikaenda moja kwa moja shuleni. Ifunguliwe kwanza hapa mkoani, mahali pamoja panapojulikana, ipimwe, isafishwe na kuandaliwa na mafundi. Na shule itakayoipokea iulizwe mapema hali yake ilivyo, iwe na haki ya kusema "bado hatuko tayari" bila kuonekana haina shukrani.

Nitaeleza kilichonifikisha hapo. Mwaka juzi, katikati ya masika, nilipigiwa simu na mwalimu kijana wa shule ya msingi moja iliyo ndani sana wilayani Kilindi. Shule hiyo ilikuwa imepokea seti ishirini za kompyuta za mezani kutoka kwa wafadhili wa ng'ambo. Palikuwa na hafla, wazazi walichinja mbuzi, watoto wakaimba, picha zikapigwa, wageni wakaondoka. Siku iliyofuata mwalimu akapanga kompyuta tano juu ya madawati, akaziunganisha zote kwenye ekstensheni moja, akabonyeza swichi ya ukutani. Aliniambia alisikia mlio kama wa fataki, mara tano, ukifuatana upesi kiasi kwamba hakuwahi hata kurudisha mkono kwenye swichi. Kisha chumba kikajaa harufu ya plastiki iliyoungua na watoto wakakimbilia nje.

Nilifika siku nne baadaye kwa bodaboda kutoka Songe, kwa sababu mvua ilikuwa imeharibu barabara na gari halipiti. "Shikamoo, fundi," alinisalimu, na kabla sijamaliza kuitikia marahaba akaongeza, "nimewaulia watoto kompyuta zao." Niliigeuza ile ya kwanza nikaitazama mgongoni. Kando ya tundu la waya wa umeme palikuwa na swichi nyekundu, ndogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, imeandikwa namba nyeupe: 115. Mashine zile zilitoka nchi ambayo umeme wa majumbani ni kama volti 120, nasi huku tunatumia volti 230. Swichi hiyo ikisukumwa upande wa pili kwa ncha ya bisibisi husomeka 230, na kazi hiyo haimalizi hata sekunde mbili. Hakuna aliyeisukuma, wala hapakuwa na karatasi iliyomweleza mwalimu kwamba ipo. Nilipofungua pawasaplai, yaani kasha linalogawa umeme ndani ya kompyuta, nilikuta kapasita mbili kubwa zimevimba vichwa, na fyuzi ya kioo imekuwa nyeusi kama iliyopakwa masizi.

Zile kumi na tano zilizobaki nazo zote zilikuwa kwenye 115. Nilizigeuza moja baada ya nyingine, mwalimu akizihesabu kwa sauti kama anayehesabu wanafunzi mstarini. Kumi na tatu ziliwaka siku ile ile, na mbili zilikuwa na memori mbovu tangu zilikotoka. Kati ya zile tano zilizolipuka, nne nilizifufua baadaye kwa pawasaplai za mitumba nilizoagiza Kariakoo, kwa kuwa bodi zake zilisalimika. Ya tano haikupona. Vioo vya zote tano, yaani skrini zake, havikudhurika hata kimoja, maana vioo vya kisasa hupokea umeme wa kuanzia volti 100 hadi 240, na ndivyo zilivyo chaja za kompyuta mpakato.

Mwalimu yule hakukosea kitu. Alifundishwa kufundisha hisabati na Kiswahili, akafundishwa vizuri, na alichofanya ndicho ambacho mtu yeyote mwenye furaha na kifaa kipya angekifanya. Wafadhili nao walitoa walichokuwa nacho kwa nia njema. Kilichokosekana ni mkono mmoja katikati yao, wa mtu anayejua mashine ilikotoka na inakokwenda. Waswahili husema usione vyaelea, vimeundwa. Na sisi wa Tanga tunaopita kila siku karibu na majahazi na mashua tunajua kwamba chombo hakishushwi majini kabla hakijatiwa kalafati ya kuziba nyufa. Kompyuta iliyokaa miaka minane chini ya meza ya ofisi, ikapakiwa kwenye kontena na kutikiswa baharini kwa wiki kadhaa, ni chombo kinachohitaji kalafati kabla ya safari ya Kilindi.

Mahali pa kufanyia kazi hiyo panapatikana. Hapa mjini tuna chuo cha ufundi stadi cha VETA cha mkoa, tuna vijana wanaojifunza umeme, na tuna mafundi wa mitaani ambao wengi wetu tungejitolea siku za Jumamosi kama tungeitwa kwa utaratibu. Kila halmashauri ina watumishi wa TEHAMA. Ningependa Ofisi ya Mkoa iwaite watu hawa mezani, itenge chumba kimoja chenye umeme wa uhakika na kufuli imara, na itangaze kwamba kompyuta yoyote ya msaada inayokwenda shule ya umma katika mkoa huu itapitia hapo. Mwanafunzi wa VETA atakayefungua mashine mia moja kwa mwaka, akajua kwa mikono yake memori inavyokaa na feni inavyotoka, atakuwa fundi wa kweli. Na baadhi yao ni watoto wa Handeni, Kilindi na Mkinga ambao watarudi makwao na ujuzi huo.

Kazi zenyewe si za ajabu, lakini kila moja ina sababu yake. Mashine hupulizwa vumbi, gundi ya kupooza prosesa hubandikwa upya, diski ya kuzunguka huondolewa na kuwekwa ya SSD, isiyo na kitu kinachozunguka ndani, ambayo ni nyepesi, haitumii umeme mwingi na haiumii kwa mitikisiko ya barabara zetu. Kuna pia betri ndogo ya duara, mfano wa sarafu, inayotunza saa ya kompyuta. Bei yake ni kama ya soda moja au mbili. Niliwahi kuitwa Pangani kwa ajili ya kompyuta kumi zilizosemekana zimekataa intaneti. Mkuu wa shule alikuwa amekwisha kuandika barua ya kuomba nyingine. Nilipowasha ya kwanza, tarehe yake ilikuwa ya zaidi ya miaka kumi nyuma. Betri zilikuwa zimekwisha, na tovuti nyingi za leo hukataa kufunguka kompyuta inapodhani iko mwaka mwingine, kwa sababu vyeti vya usalama vya tovuti hizo huonekana batili. Nilibadilisha betri kumi na kurekebisha saa, kazi ya asubuhi moja, na intaneti ikarudi.

Fundi wa mkoa huu anajua pia mambo ambayo aliye mbali hawezi kuyajua. Anajua kwamba pwani ya Mkinga na Pangani hewa ya chumvi hula matundu ya USB mpaka yakaota kutu ya kijani, kwamba vumbi jekundu la Handeni huziba feni ndani ya msimu mmoja wa kiangazi, na kwamba ukungu wa Lushoto huacha unyevu ndani ya kasha la mashine isiyowashwa mara kwa mara. Anajua nyigu wanavyopenda kujenga kiota cha udongo ndani ya pawasaplai wakati wa likizo ndefu. Nimekitoa kiota cha namna hiyo kikiwa kizito kama embe bichi. Katika shule moja ya Mkinga akina mama wa kamati walishona vifuniko vya kompyuta kwa kanga zilizochakaa, na tangu hapo mashine zao huja kwangu safi kuliko za ofisi nyingi za mjini, ingawa ilibidi niwasisitizie kwamba kifuniko huwekwa mashine ikiwa imezimwa na kupoa.

Sasa nije kwenye umeme, kwa sababu hapa ndipo nilipoziona kompyuta nzima, zisizo na kasoro yoyote, zikikaa gizani mwaka mzima. Hesabu hii nimeipiga na walimu wakuu wengi na sijui kwa nini haipigwi kabla ya hafla. Kompyuta ya mezani ya miaka ile pamoja na kioo chake hula kama wati 100. Zikiwa ishirini ni wati 2,000. Zikitumika saa nne kwa siku ni uniti 8, kwa kuwa uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja, na kwa siku ishirini za masomo ni uniti 160 kwa mwezi. Kwa bei ya matumizi ya kawaida, ambapo uniti moja pamoja na kodi na tozo huwa kama shilingi 356, hiyo ni LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ya karibu shilingi 57,000 kila mwezi kwa ajili ya kompyuta peke yake. Tazama na mapato. Chini ya mpango wa elimu bila ada ulioanza Januari 2016, shule za msingi za umma hazitozi ada, na kila shule hutengewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambayo sehemu yake hubakizwa kwa ununuzi wa vitabu. Shule ya watoto 300, hata kama ingepewa yote mkononi, ingepata shilingi milioni 3 kwa mwaka, sawa na 250,000 kwa mwezi, na ndani ya hizo zimo chaki, karatasi za mitihani, matengenezo ya madawati na kila dharura. Mwalimu mkuu anaombwa atoe karibu robo ya fedha hizo kwa kitu alicholetewa kama zawadi. Anapoamua kufunga mlango na kuweka ufunguo mfukoni, hafanyi hivyo kwa ukaidi.

Kompyuta mpakato hubadilisha hesabu hiyo kabisa. Moja hula kama wati 25. Ishirini ni wati 500, uniti 2 kwa siku, uniti 40 kwa mwezi, yaani shilingi elfu kumi na nne na kidogo. Umeme ukikatika katikati ya kipindi, na huku kwetu hukatika, somo haliishi. Kwa hiyo mfadhili anayeniomba ushauri ninamwambia wazi kwamba kumi za kupakata ni bora kwa shule ya kijijini kuliko ishirini za mezani, mradi betri zake zimepimwa na zinashika chaji walau saa moja na nusu. Kwa shule ambayo waya wa umeme haujaifikia, mzigo wa wati 500 unaweza kubebwa na sola ya kiasi. Mzigo wa wati 2,000 unadai mtambo ambao gharama yake ingejenga choo cha wanafunzi. Na hapo ndipo haki ya kukataa inapokuwa na maana: mwalimu mkuu anayeona hesabu hii mapema anaweza kusema, "Tuleteeni mashine nane, na fedha ya zile kumi na mbili ituwekee sola."

Jambo la mfumo endeshi lisituchukulie muda mrefu. Mashine hizi zikiwekewa Linux, kwa mfano Ubuntu au Linux Mint, zinakuwa na mfumo unaopokea marekebisho ya usalama, usiolipiwa leseni, na usiotetereka mbele ya virusi vya flashi ambavyo walimu wetu huvibeba kutoka steshenari za mjini wanakochapishia mitihani. Nimesikia hofu kwamba mtoto aliyezoea Linux atashangaa akikutana na Windows ofisini. Nimewafundisha vijana wa aina zote mbili, na aliyeweza kuandika barua, kupanga jedwali na kuhifadhi kazi yake katika mmoja huuzoea mwingine ndani ya wiki. Wala si jambo geni kwetu: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa KiLinux, kilitoa programu za ofisi kwa Kiswahili zilizoitwa Jambo OpenOffice. Miaka zaidi ya ishirini imepita, na bado tunaogopa mlango ambao wenzetu walikwisha kuufungua.

Zaidi ya mfumo, ninasisitiza kitu cha kusoma. Kompyuta tupu isiyo na intaneti, mtoto huichezea wiki mbili, akajifunza kuchora mstari na kuandika jina lake, kisha ikamchosha. Lakini kuna programu ya bure iitwayo Kiwix inayowezesha kusoma kamusi elezo ya Wikipedia bila mtandao, na Wikipedia yote ya Kiswahili inaenea kwenye flashi ya kawaida. Kuna Kolibri, nayo ya bure, iliyotengenezwa kwa ajili ya shule zisizo na intaneti, na inazungumza Kiswahili. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada mtandaoni. Mwalimu akivisoma mjini anaweza kupanga masomo yatakayotumia mashine hizo. Kiwix na Kolibri zikiwekwa kwenye mashine katika chumba kile cha mkoa kabla ya safari, hata kwenye kompyuta ndogo ya saizi ya kiganja kama Raspberry Pi ambayo haimalizi wati 10, shule nzima husoma kutoka hapo.

Niliyaona haya katika shule ile ya Mkinga yenye vifuniko vya kanga. Binti mmoja wa darasa la sita, ambaye hakuwahi kugusa kompyuta, alikuwa akibonyeza kicharazio kwa kidole kimoja taratibu, kama anayeminya embe kujua limeiva. Nilimwambia aandike neno lolote analolijua. Aliandika "mkonge", kwa sababu babu yake alikata mkonge maisha yake yote na mashamba ya zao hilo yanaonekana kutoka dirishani pa darasa. Ukurasa wa Wikipedia ulifunguka, akausoma kwa midomo bila kutoa sauti, akarudia mistari miwili, kisha akamgeukia mwalimu wake na kuuliza, "Mwalimu, kumbe mkonge ulitoka Meksiko?" Darasa zima lilisogea. Mwalimu akawaeleza jinsi Mjerumani Richard Hindorf alivyouleta mmea huo mwaka 1893, na jinsi miche michache iliyofika hai ilivyopandwa karibu na Pangani, katika mkoa wao huu huu. Kipindi kilikuwa cha dakika arobaini, lakini kengele ilipolia hakuna aliyenyanyuka. Mashine iliyowapa haya ilikuwa imetumika miaka tisa katika ofisi ya watu wengine.

Kwa wafadhili wa ndani, hasa taasisi za Dar es Salaam na za hapa Tanga, nina neno kuhusu diski. Wengi huzing'oa zote kwa kulinda siri za wateja, wakatoa kompyuta zisizo na diski, na shule ikabaki na makasha matupu. Wengine huziacha kama zilivyo. Nimewahi kuwasha mashine ya msaada nikakuta orodha ya mishahara ya ofisi nzima, majina na namba za akaunti, mbele ya wanafunzi waliokuwa wamesimama nyuma yangu. Nilizima upesi na kuifuta siku hiyo hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haimruhusu mtu kuacha taarifa za watu zikizagaa namna hiyo, na kuna programu za kufuta diski kabisa ambazo hazilipiwi. Anayeona kufuta hakutoshi, basi ang'oe diski yake na aambatanishe SSD mpya. Ya ukubwa wa kutosha kwa shule inapatikana kwa chini ya laki moja.

Kuhusu walimu nitasema kwa kifupi, maana limesemwa sana. Mwalimu mmoja akifundishwa, kisha akapata uhamisho kwenda Korogwe, chumba cha kompyuta huhama naye. Wafundishwe wawili kwa uchache, na pamoja nao wanafunzi wanne wa madarasa ya juu ambao wataweza kuwasha, kuzima na kutambua waya uliolegea. Watoto hujifunza haya upesi kuliko sisi, na hawapewi uhamisho.

Limebaki suala la mashine zinapokufa, kwani zitakufa. Kwa mujibu wa ripoti ya dunia iliyotolewa mwaka 2024 chini ya Umoja wa Mataifa, taka za kielektroniki zilizozalishwa duniani mwaka 2022 zilikuwa tani milioni 62, na zilizokusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu unaojulikana hazikufika robo. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Basel na wa Bamako, inayodhibiti taka za hatari zinazovuka mipaka, na tangu tarehe 1 Januari 2025 mabadiliko ya Mkataba wa Basel yanataka taka zote za kielektroniki zisivuke mpaka bila nchi inayozipokea kukubali kwanza. Mstari kati ya msaada na taka ni mwembamba: mashine isiyowaka, inayoletwa kwa jina la msaada, ni taka iliyovishwa riboni. Kioo cha zamani chenye tumbo nyuma kina madini ya risasi ndani yake, ambayo ni sumu, na sidhani kama kuna sababu yoyote leo ya kukipeleka shuleni. Hata iliyoletwa nzima, siku ikifa, shule haina la kuifanyia, kwa sababu mali ya umma haitupwi mpaka ifutwe kwenye daftari la mali kwa taratibu zake; hivyo hurundikwa stoo, panya wakazaliana ndani yake. Chumba cha mkoa kingekuwa pia mahali pa kuzirudisha. Gari linalopeleka kumi lirudi na zilizokufa, zichambuliwe vipuri, na kilichobaki kikabidhiwe kwa wakusanyaji wenye kibali chini ya usimamizi wa NEMC, baraza la taifa la mazingira.

Ninajua kuna watakaosema kwamba nikiweka masharti haya nitawakimbiza wafadhili. Uzoefu wangu ni kinyume. Mji wetu una udugu na mji wa Eckernförde wa Ujerumani tangu mwaka 1963, na katika urafiki wa umri huo watu huambiana ukweli. Wafadhili wachache niliowaandikia, nikawaeleza swichi nyekundu, wati na hewa ya chumvi, walinijibu kwa shukrani, wakauliza maswali zaidi, na mmoja alibadilisha orodha yake yote kutoka kompyuta za mezani kwenda za kupakata. Mtu anayetoa kwa moyo anataka kujua kwamba alichotoa kinafanya kazi. Anayetaka picha tu ya hafla ndiye atakayekimbia, na sidhani kama mwalimu yule wa Kilindi atamkosa.

Kwa hiyo naiomba Ofisi ya Mkoa, wakurugenzi wa halmashauri zetu na uongozi wa VETA waketi kabla ya mwaka ujao wa masomo kuanza na kulitolea uamuzi jambo la chumba hicho. Mafundi wa Ngamiani na Chumbageni niliozungumza nao wako tayari, na meza mbili na vifaa vya kupimia umeme nitavitoa mimi.

Zile kompyuta za Kilindi, hadi wiki hii ninapoandika, kumi na sita zinafanya kazi kila siku isipokuwa Jumamosi na Jumapili. Tatu tumezigeuza vipuri. Moja iko mezani kwangu, inasubiri feni, na nimemwahidi mwalimu kwamba nitaipandisha mwenyewe Songe shule zitakapofunguliwa.

Wako,
Fundi wa kompyuta na mwalimu wa zamani,
Ngamiani, Tanga